Nilivyofanikiwa kukeneka wiski nyumbani baada ya kuharibu mara mbili

Watu wakisikia unatengeneza wiski nyumbani swali la kwanza huwa ni mtambo, wa lita ngapi, shaba au stenlesi, umenunua au umejitengenezea, na mi nilianza hivyohivyo, miezi mitatu yote iliishia kwenye mtambo tu, nikaja kugundua baadaye kwamba wiski yangu ilikuwa inaharibikia kwenye ndoo kabla hata haijaugusa huo mtambo. Ndo maana naandika, kuna mtu sasa hivi yuko palepale nilipokuwa mimi.

La leseni nimalizane nalo mapema. Nchi nyingi kukeneka pombe kali nyumbani bila kibali ni kosa, hata kama huuzi, hata kama ni chupa moja. New Zealand waliruhusu tangu 1996 mtu akeneke kwa matumizi yake mwenyewe lakini hizo ni nchi za kuhesabu. Mi niliuliza kwanza, nikajaza fomu, nikasubiri kibali, ndo nikawasha moto. Uliza kwenu.

Mtambo wangu ni wa kawaida kabisa. Pipa la stenlesi la lita 30, juu yake kifuniko cha shaba chenye shingo, shingo inaingia kwenye bomba la shaba linaloinama kwenda chini, na bomba linaishia kwenye koili iliyozama ndani ya ndoo ya maji baridi, maji yanaingilia chini yanatokea juu ili sehemu ya baridi zaidi iwe pale pombe inapotokea. Shaba sio urembo. Hamira ikichacha inatoa vitu vya salfa, ile harufu ya yai viza, na shaba inavinasa, ukikeneka kwa stenlesi tupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho utaisikia kwenye glasi. Lehemu niliyotumia haina risasi, hili nilikuwa mkali nalo sana, na radieta ya gari kuukuu usiikaribie hata kama inaonekana ni koili iliyotengenezwa tayari, ile imeunganishwa kwa risasi na risasi inaingia kwenye pombe halafu inakaa mwilini. Kwenye viungio naziba kwa donge la unga na maji, linakauka kwa joto na kuziba vizuri, kuliko raba ambayo mvuke wa pombe unaila. Kabla ya yote nilichemsha maji na siki mtambo mzima, hapo unasafisha na pia unaona wapi panavuja.

Basi nikaona nimemaliza kazi. Mara ya kwanza nikachukua kilo 4 za mahindi yaliyobarazwa, nikachemsha kwenye lita 20 za maji mpaka ikawa uji mzito, nikamwaga kilo moja na nusu ya kimea cha shayiri humohumo uji ukiwa bado unatokota, nikakoroga, nikasubiri upoe, nikatia hamira. Ikatoa mapovu siku moja na nusu ikanyamaza. Haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyomo, ilianza 1.056 ikagoma 1.044. Nikajiambia labda ndo zinavyokuwa, nikamimina yote kwenye pipa na makapi yake bila kuchuja vizuri, nikawasha. Makapi yakashika chini yakaungua, kilichotoka kilikuwa kidogo na kinanuka moshi na uji ulioungua, na pipa nililisugua siku mbili.

Kuna mzee mmoja alifanya kazi ya kukeneka miaka mingi, nikampelekea kichupa. Alinusa tu hakuonja, akaniuliza, "Mwanangu, kimea ulikitia uji ukiwa digrii ngapi?" Nikamwambia sikupima mzee. Akasema, "Basi ulikipika. Kimea kikishapikwa ni makapi tu."

Hapo ndo nilielewa kazi ya kimea. Hamira haili wanga, inakula sukari. Mahindi ni wanga mtupu, na kinachougeuza ule wanga kuwa sukari ni vimeng'enya vilivyomo kwenye kimea, navyo vinafanya kazi vizuri kwenye digrii 62 hadi 67 hivi, ukivipeleka juu ya 80 vinakufa. Lakini mahindi yenyewe yanataka moto mkali yaachie wanga wake, digrii 85 mpaka 90. Kwa hiyo ni hatua mbili, unapika mahindi kwa moto, unaacha yapoe mpaka 67, ndo unatia kimea, unafunika blanketi saa moja na nusu. Na utaona kwa macho yako, uji uliokuwa mzito unaanza kulegea, unakuwa mwepesi kama maji ya mchele, ukionja ni mtamu. Kiukweli hiyo dakika uji unapolegea ndo naipenda kuliko hata tone la kwanza la mtambo. Halafu unachukua kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe unadondoshea aidini, ikiwa bluu nyeusi wanga bado upo, ikibaki na rangi yake ya kahawia sukari imekamilika. Kile kijiko unakimwaga, usirudishe.

Mara ya pili uji ulikubali. Haidromita 1.058, nikafurahi. Kosa likahamia kwenye kuchacha, ndoo niliiweka chumba cha joto nikidhani joto ndo linasaidia hamira, na hamira yenyewe inapofanya kazi inatoa joto lake, nilipokuja kupima ilikuwa digrii 36. Ilimaliza kwa siku mbili, haraka ajabu, lakini hamira ikikimbizwa hivyo inatoa alkoholi nzito nyingi, zile zinazochoma kooni na kuacha harufu kali. Halafu nikaongeza kosa lingine, nilikinga kila kilichotoka kwenye mtungi mmoja mkubwa toka mwanzo mpaka mwisho. Mzee alinusa akakaa kimya kidogo. "Wiski imo humu," akasema, "ila umeifunika na takataka zake."

Mara ya tatu nilienda polepole. Nilifanya ndoo mbili mfululizo, kila moja uji uleule, nikapoza haraka mpaka digrii 27 nikatia hamira, ndoo nikaiweka ndani ya beseni la maji isipande juu ya 30. Ilichukua siku sita. Ilishuka mpaka 1.004, ukipiga hesabu, tofauti ya 0.054 mara 131, ni asilimia 7 hivi. Nikaacha siku mbili nyingine hamira itulie chini, nikachuja kwa kitambaa mara mbili, nikapata kama lita 34 za maji yaliyochacha, safi, hayana makapi.

Nikakeneka kwa awamu. Awamu ya kwanza ni ya kukusanya tu, lita 17 kwa mkupuo, usijaze pipa hadi juu kwa sababu yanafoka na povu likipanda kwenye koili likaziba umetengeneza bomu. Njia ya mvuke lazima iwe wazi muda wote mpaka inapotokea. Natumia moto wa umeme, nje, chini ya paa lisilo na kuta, kizima moto kiko mkononi, na chupa ya kukingia ni ya kioo na iko mbali na joto, maana mvuke wa pombe unashika na mwali wake mchana karibu huuoni. Na wewe huondoki hapo. Simu ikiita isikupeleke popote. Mikupuo miwili ikanipa lita 8 za asilimia 27 hivi, chungu na chafu kidogo, ndo inavyotakiwa.

Awamu ya pili ndo ya kutenganisha, na hapa watu wanang'ang'ania themomita. Ethanoli inachemka digrii 78.3, kweli, lakini ikiwa peke yake. Ikiwa na maji inachemka kufuatana na kiasi kilichomo, ile ya asilimia 7 inachemka kwenye 94 au 95 huko. Themomita inakuambia mko wapi tu, kukata unakata kwa pua na kwa vikombe. Moto mdogo, itoke kwa matone yanayokaribiana sio mkondo. Mililita 150 za kwanza nilimwaga, zinanuka gundi. Baada ya hapo vikombe 14 vya mililita 250, kila kimoja nimekiandika namba, nikavifunika kitambaa vikalala usiku mzima, asubuhi navipitia kimoja kimoja, tone kwenye kiganja, maji kidogo, nanusa. Cha 1 mpaka cha 3 ni kichwa, vikali, vinapanda puani. Cha 4 harufu ya mahindi matamu ikatokeza yenyewe, mpaka cha 10 ndo moyo, ile sehemu ya kunywa. Cha 11 kikaanza kunuka boksi lililolowa, huo ni mkia. Kichwa na mkia nimeweka, vinarudi kwenye mkupuo ujao. Moyo ulitoka karibu lita moja na robo tatu kutoka kwenye zaidi ya kilo 10 za nafaka, na sikujuta hata kikombe kimoja nilichokiacha nje.

Methanoli naomba niiongelee maana inaua na inaongelewa vibaya. Uji wa nafaka unatoa methanoli kidogo sana kwa kuwa inatokana na pektini, ambayo iko zaidi kwenye matunda. Vifo vingi vinatokea mtu anapochanganya methanoli ya kiwandani kwenye pombe. Na kumwaga ya kwanza hakuondoi methanoli yote, ikiwa na maji na ethanoli haitoki yote kwa pamoja eti kwa sababu yenyewe inachemka 64.7, kwa hiyo kimiminika usichokijua kilikotoka usikikeneke ukidhani unakisafisha. Mtu akinywa pombe asiyoijua halafu baada ya masaa macho yakaanza kuona ukungu, tumbo linamkata, ni hospitali saa hiyohiyo, asiambiwe alale itaisha.

Huo moyo niliupima, asilimia 67, nikaushusha na maji safi mpaka 60. Wiski bila mti ni pombe nyeupe tu. Pipa sikuwa nalo na kwa kiasi hiki pipa halifai, nikatafuta mwaloni mkavu usio na rangi wala dawa, nikakata vijiti viwili vya ukubwa wa kidole, nikavioka digrii 200 masaa mawili, halafu nikavichoma kwa moto wa gesi juujuu mpaka vikawa na ngozi nyeusi. Vikaingia kwenye mtungi wa kioo. Wiki ya pili rangi ilishaingia na nikataka kuamini imeiva, nikaonja, ilikuwa mbao tupu. Nikaificha kabatini. Kila wiki mbili nafungua kifuniko kidogo hewa iingie, nafunga.

Mwezi wa sita nikaishusha mpaka 43, maji kidogo kidogo kwa siku tatu maana ukimimina kwa pupa inapata ukungu, nikampelekea mzee. Safari hii alinusa, akanywa, akaniuliza tu ule mti umebaki nao mwingine. Nikamwambia upo. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe na gunia la shayiri begani, akakaa karibu na sufuria tukisubiri uji ushuke mpaka 67.