Zege la getini, Nguvumali

Januari 2019 tulimwaga zege la njia ya gari nyumbani kwa mama, Nguvumali, Tanga. Njia ilikuwa mita 12 kwa 3, unene sentimita 10. Hesabu yake ni mita za ujazo 3.6. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 na kitu ya saruji, kwa hiyo tulinunua 25, na mmoja wa akiba ndani yake. Mfuko ulikuwa 13,000. Saruji inatengenezwa hapo Pongwe, usafiri haukutuumiza.

Mjomba alitaka tuweke wavu wa nondo. "Shikamoo mjomba," nilimwambia, "hela ya wavu tuishushe chini, kwenye moramu, ule udongo wa changarawe wa kushindilia." Alinyamaza, kisha akakubali. Wavu haubebi gari. Kazi yake ni kushikilia ufa usipanuke, na mafundi wengi huulaza juu ya udongo, zege likapita juu yake bila kuushika. Kinachobeba ni ardhi. Tulichimba sentimita 25, tukajaza moramu safu mbili, kila safu ikamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa hadi kisigino hakiachi alama. Sentimita 15 zilizoshindiliwa zilimeza lori mbili.

Mteremko ulikuwa sentimita 2 kwa kila mita, yaani 24 kutoka kibarazani hadi getini. Mchanga tulichukua wa mto, si wa baharini. Njia tuliigawa vipande vinne vya mita 3 kwa 3, maana zege likikauka husinyaa, na usipolitengea mahali pa kukatikia litajichagulia lenyewe. Siku ya kwanza tulimwaga cha kwanza na cha tatu, ya pili cha pili na cha nne.

Gharama yote: saruji 325,000, moramu 140,000, kokoto 180,000, mchanga 90,000, mbao na nailoni 65,000, vibarua sita kwa siku mbili 180,000, fundi 150,000. Jumla 1,130,000, kama 31,400 kwa mita ya mraba. Saruji, ambayo ndiyo kila mtu huulizia bei, haikufika hata theluthi.

Kipande cha nne, cha getini, ndicho kilichoharibika. Ilikuwa saa sita mchana, kaskazi inavuma, zege likawa gumu kuvuta. Mfuko mmoja unahitaji lita 25 za maji, ndoo na robo, na pungufu ya hapo mchanga ukiwa na unyevu. Kijana mmoja akaongeza ndoo nzima kwenye michanganyiko miwili, nami nilikuwa upande wa pili napima mbao. Zege likatiririka vizuri kama uji, watu wakafurahi. Baada ya nusu saa maji yakapanda juu yakatuama. Fundi akachukua saruji kavu mkononi akainyunyizia yakauke, akalainisha kwa mwiko. Pakang'aa.

Kosa hilo naliona kila mtaa. Ile saruji ya juu inakuwa ngozi nyembamba, na chini yake pana zege dhaifu lililojaa matundu ya maji yaliyotoka. Ndani ya wiki sita matairi yalianza kuibandua vipande kama magamba ya changu. Ukipitisha ufagio, vumbi jeupe halikomi. Ukiweka ncha ya msumari na kuvuta, mchanga unatoka.

Kuziba juu kwa lipu hakusaidii, itabanduka nayo. Tulikivunja chote. Kuvunja 60,000, kubeba vifusi 30,000, mifuko 6 78,000, vibarua watatu wa kumwaga 45,000: 213,000 kwa mita 9 tu za mraba. Kokoto na mchanga vilikuwa vimebaki.

Mara ya pili tulianza saa kumi na mbili asubuhi, ndoo ya maji tukaichora mstari kwa rangi, na mwenye ndoo alikuwa mmoja tu. Zege lilipotoka jasho tulisubiri likauke lenyewe ndipo tukapitisha ufagio, liwe na mikwaruzo ya kushika tairi. Jioni tukafunika kwa magunia ya katani yaliyoloweshwa. Mama aliyamwagilia asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba, na gari likalala nje ya geti hadi siku ya 28.