Usiku Mmoja Kolo: Kambi ya Rangi za Udongo

Watoto wamerudi makwao jana alasiri, na leo, kabla mambo hayajanitoka kichwani, nimeona niandike habari za kambi yetu ndogo ya sanaa iliyofanyika Kolo, wilayani Kondoa. Ilikuwa kambi ya kulala usiku mmoja tu, ya wanafunzi wa darasa la nne hadi la sita, nasi tulioisimamia tulikuwa walimu wachache, matroni mmoja, na akina mama wawili wa kijijini waliojitolea kutupikia. Watu wengi wameniuliza kwa nini tuhangaike na magodoro, vyandarua, vibali na chakula kwa ajili ya kuchora, ilhali mtoto anaweza kuchora akiwa kwenye dawati lake na jioni akarudi kulala kwao. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba katika kambi hii usiku wenyewe ulikuwa na kazi yake, na ukiuondoa, nusu ya somo inaondoka nao.

Nianze na darasani, kwa sababu huko ndiko wazo lilikozaliwa. Somo la Sanaa na Michezo limepata nafasi yake katika mtaala wa shule za msingi ulioboreshwa, na kwa hilo ninashukuru kwa dhati. Hata hivyo, kipindi kina dakika 40. Mwalimu akishagawa karatasi, akishaamua ugomvi wa penseli za rangi na akishaeleza kazi yenyewe, kinachobaki ni kidogo mno, na mtoto anayejua kwamba kengele iko njiani huchora kile ambacho mkono wake umekwisha kukikariri: nyumba yenye paa la pembetatu, njia inayopinda hadi mlangoni, jua lenye miale kwenye kona ya karatasi, na ndege wawili angani. Nimeikuta picha hiyo katika madaftari ya watoto ambao wamezaliwa na kukulia katika nyumba za tembe, zenye paa bapa la udongo ambalo mama zao huanikia mahindi juu yake. Mtoto wa namna hiyo hajakosa kipaji wala bidii. Amekosa muda wa kutazama, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba nyumba yao nayo inafaa kuchorwa.

Tulichagua Kolo kwa sababu kuna walimu pale ambao hawajawahi kuharakishwa na kengele. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na eneo lake lina zaidi ya vibanda vya miamba 150 vyenye michoro, yaani mahali ambapo mwamba umejitokeza kama paa, kwenye miteremko inayotazama Bonde la Ufa. Watoto wetu wanaishi kilomita chache kutoka hapo. Wengi wao walikuwa wamesikia habari za michoro hiyo, lakini walioiona kwa macho yao walikuwa wa kuhesabu, na hilo liliniuma, kwa kuwa wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kuitazama.

Jumamosi asubuhi gari lilitufikisha chini ya kilima, na kutoka hapo tukapanda kwa miguu hadi Mungomi wa Kolo, kimojawapo cha vibanda hivyo vyenye michoro. Kabla ya kupanda, mzee mmoja wa kijiji aliyetusindikiza aliwapanga watoto mbele yake. Walimwamkia kwa pamoja, “Shikamoo babu,” naye akaitikia, “Marahaba, wajukuu zangu,” kisha akawaeleza kwamba huko juu ni mahali pa matambiko, kwamba wazee bado hupanda kwenda kuomba mvua na afya, na kwamba mtu akifika pale anazungumza kwa adabu. Mwongozaji naye akaongeza masharti yake: hakuna kugusa ukuta, hakuna kumwagia maji michoro ili ing’ae kwa ajili ya picha, hakuna kukwaruza jina. Aliwaonyesha mahali ambapo watu walichimba chini ya miamba wakitafuta mali inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani, na uharibifu walioacha. Watoto walinyamaza kuliko nilivyotarajia.

Mbele ya ukuta tuliwaagiza wakae chini na kutazama bila kuchora chochote, kwa muda ambao ungemaliza kipindi kizima shuleni. Mwanzoni waliona wekundu tu. Baadaye mmoja akaona twiga, mwingine akaona pofu, halafu wakaanza kuwaona watu wenyewe, warefu, wembamba, wengine wakiwa na vichwa vikubwa vya duara kama waliovaa mapambo, na miili iliyojazwa mistari myembamba badala ya kupakwa rangi mfululizo. Kuna picha moja mashuhuri ambamo mtu wa katikati ameshikwa mikono na wenzake wa kila upande. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale ambaye mwaka 1951 alipiga kambi katika eneo hili pamoja na mumewe Louis ili kunakili michoro, aliiona kuwa ni mtu anayegombaniwa na makundi mawili, na watafiti wa baadaye wakaisoma kuwa ni sherehe ya uponyaji au ya jando. Watoto wetu waliijadili kwa ukali kabisa. Mvulana mmoja alisema wanamvuta, na msichana wa darasa la tano akampinga kwamba mtu anayevutwa huwa anaegemea upande mmoja, na huyu amesimama wima, kwa hiyo anasaidiwa kutembea. Sikuingilia. Mtoto aliyefika mahali pa kutetea hoja yake kwa kuonyesha mstari katika picha ameshaanza kusoma sanaa, hata kama hajashika brashi.

Jambo jingine walilolitambua wenyewe ni tofauti ya rangi na mkono. Michoro myekundu, ambayo wataalamu wengi huihusisha na wawindaji na wakusanya matunda, mababu wa jamii kama za Wasandawe na Wahadzabe, ina mistari myembamba inayohitaji kitu chenye ncha. Michoro myeupe ya baadaye, ambayo mara nyingi imepakwa juu ya ile myekundu na huhusishwa na wakulima na wafugaji, ni minene, na alama za vidole zinaonekana. “Huyu alipaka kwa kidole, mwalimu,” aliniambia mtoto wa darasa la nne huku akikunja na kunyoosha cha kwake hewani, bila kugusa jiwe. Kutokana na maneno hayo tulipata mpango wa mchana wote: tutengeneze rangi zetu, tutengeneze na vitu vya kupakia, kisha kila mtu achague mkono wake.

Rangi hatukuitafuta mbali, wala hatukuchukua chochote katika eneo la urithi. Anayeijua Kondoa anayajua makorongo yake. Mmomonyoko uliila ardhi hii vibaya kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi ya Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika sehemu zilizoharibika zaidi ili majani yaote tena. Babu na bibi za watoto hawa ndio waliohamisha ng’ombe wao. Tukashuka katika korongo lililo karibu na shule tuliyolala, na humo kingo zimepangana kwa rangi: nyekundu iliyoiva, manjano, kahawia, na chini kabisa kijivu. Mmoja wa akina mama wapishi, alipoona tunahangaika kutafuta nyeupe, aliacha maharage yake jikoni kwa mwenzake akatupeleka mahali wanawake wanapochimba udongo wa kupakia kuta za nyumba. Alijua upi unashika na upi unabanduka ukikauka, na alijua kwa kuusugua tu katikati ya vidole. Sijawahi kupata mgeni mwalikwa aliyefundisha vizuri zaidi ya mama huyo, na ninasikitika kwamba wanawake wenye ujuzi wa namna hii hawahesabiwi kuwa wasanii.

Hapa ndipo usiku unapoingia. Udongo uliotwangwa na kuchungwa kwa kitambaa bado haujawa rangi, kwa kuwa ndani yake mna mchanga. Unauweka katika ndoo ya maji, unakoroga, unasubiri kidogo mchanga uzame, halafu unayamimina yale maji mazito yenye rangi katika chombo kingine na kuyaacha yatulie. Chembe laini hushuka polepole sana. Mtoto akikoroga saa kumi na moja jioni, atakayoyakuta asubuhi ni maji maangavu juu na tope laini kama siagi chini, na tope hilo ndilo rangi. Hakuna namna ya kulihimiza. Tuliyapanga makopo yetu kando ya ukuta wa darasa, kila moja likiwa na jina la mwenyewe, na kabla ya kulala, na hata usiku wa manane walipoamka kwenda msalani na matroni, watoto walipita kuyamulika kwa tochi na kuambiana limeshuka kiasi gani.

Baada ya ugali na mlenda tulikaa kuzunguka jiko la mkaa, na hapo tukafanya jambo ambalo nimekuwa nikitamani kuwaonyesha watoto kwa muda mrefu. Tulichukua udongo wa manjano, mkavu, tukautandaza juu ya mfuniko wa bati uliowekwa kwenye makaa. Kwa muda haukubadilika, na wawili watatu wakaanza kusinzia. Kisha pembezoni, bati lilikokuwa na moto zaidi, manjano yakaanza kugeuka rangi ya chungwa, na wekundu ukatambaa kuelekea katikati hadi mfuniko wote ukawa mwekundu. Wale waliosinzia wote walikuwa wamesimama. Niliwaeleza kwa maneno mepesi kwamba udongo wa manjano una chuma kilichoshikamana na maji, na kwamba moto ukiyafukuza maji hayo, kinachobaki ni kile kile kinachoufanya udongo wa Kondoa uwe mwekundu. Mtoto mmoja akauliza ikiwa udongo huo ukirudishiwa maji utakuwa manjano tena. Tukamwagia maji kidogo palepale. Ulibaki mwekundu, naye akaniuliza swali la pili, la tatu, mpaka matroni akatuamuru tukalale.

Sitaki kuficha kwamba suala la kulala nje ya nyumbani ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Wazazi wa wasichana hasa walikuwa na hofu, na hofu yao ina msingi. Mzazi anayeuliza nani atalala na mwanawe, mlango unafungwaje na choo kiko wapi, anatimiza wajibu wake. Tulifanya kikao nao, ofisa mtendaji wa kijiji akiwepo, tukawaonyesha darasa la wasichana na darasa la wavulana, na mama mmoja akaomba aje alale nao. Tulimpokea kwa mikono miwili. Usiku msichana mdogo kuliko wote alilia akimtaka bibi yake, na mama huyo ndiye aliyembembeleza akalala. Kwa maoni yangu kambi yoyote ya watoto isianze mpaka mzazi wa mwisho aridhike, hata kama tarehe itasogezwa.

Asubuhi, baada ya uji, walimimina maji ya juu kwa uangalifu ambao sijauona wakinywa hata maziwa. Tulichanganya tope na kiini cha yai, kijiko kwa kijiko, na makopo mengine tukayatilia gundi ya mgunga iliyoloweshwa. Kwa nyeusi tulisaga mkaa wa jiko la jana. Brashi zilitokana na vijiti vya mswaki vilivyotafunwa ncha, nyuzi za katani zilizofungwa kwenye kijiti, na manyoya ya kuku. Mahali pa karatasi nyeupe tulitumia maboksi yaliyokunjuliwa, kwa kuwa rangi ya udongo hukaa vizuri juu ya kahawia.

Hatukuwapa mada. Tuliwaambia tu wachore kitu walichokitazama tangu jana. Msichana aliyebishania yule mtu wa katikati alichora mlolongo wa watu wakishuka korongoni na ndoo, wembamba na warefu, miili yao ikiwa na mistari, lakini mmoja tu alimpaka kwa kidole, kwa udongo mweupe, mnene kuliko wengine wote. Nilipomuuliza ni nani, akasema, “Ni mama aliyetuonyesha nyeupe.” Mvulana ambaye daftari lake limejaa mapaa ya pembetatu alichora tembe ya kwao. Paa lilikuwa bapa, na ncha za boriti zilionekana zikitokeza ukutani, moja baada ya nyingine, na alisimama mara kadhaa, macho yakiwa yamefumba, akizihesabu kwa midomo. Alifuta upande mmoja kwa kitambaa chenye maji akaupaka upya, na sikuwahi kumwona akirudia kazi yake kwa hiari.

Wazazi walipofika kuwachukua, baba mmoja aliniuliza kwa heshima kama haya yatamsaidia mwanawe katika mtihani wa darasa la saba. Nilimwambia ukweli: hakuna swali la kutengeneza rangi katika mtihani ule, lakini mwanawe amekaa na kazi moja tangu jana hadi leo bila kuiacha, na anaweza kumweleza kila hatua na sababu yake. Akamwita kijana, akamsikiliza kwa kirefu pale pale uwanjani, pikipiki ikiwa imezimwa.

Wenzangu wanashauri kambi ijayo iwe ya siku tatu. Mimi ninaona tubaki na usiku mmoja, kwa sababu kila usiku unaoongezwa unapunguza wasichana watakaoruhusiwa, na nisingependa kuwapoteza kwa ajili ya ratiba iliyojaa zaidi. Tutaifanya tena kiangazi, mavuno yakishaingia ndani na korongo likiwa kavu. Rangi iliyosalia tumeianika, na kila mtoto amepewa yake, imefungwa katika kipande cha gazeti, pamoja na maelezo ya namna ya kuiloweka. Mwalimu mkuu ametupatia ukuta wa nje wa darasa la tatu, na mama wa udongo mweupe amekubali kuja siku ya kuupaka lipu ya kwanza.