Maua ya Vichakani Ndani ya Ukungu

Kwa muda mrefu nilisubiri jua lipande ndipo niingie msituni na kamera, na kila mara nilirudi na picha zenye madoa makali ya mwanga na vivuli vyeusi, maua ya vichakani yakiwa yamepotea katikati. Siku hizi naondoka alfajiri ukungu ukiwa bado umetanda, kwa sababu matone yake hutawanya mwanga kila upande, vivuli hulainika, na shina refu lililo mbali hufifia kuliko lililo karibu, hivyo picha hupata kina.

Weupe wa ukungu, hata hivyo, huidanganya kamera, ambayo hupima mwanga kana kwamba kila kitu ni cha kijivu, na picha hutoka na giza. Mimi huongeza mwangaza kwa hatua 1 (kila hatua ni mwanga mara mbili), nikiangalia petali zisiungue, yaani zisigeuke weupe mtupu pichani.

Kichujio cha polaraizi, kioo kinachofungwa mbele ya lenzi, huondoa mng'ao juu ya majani yaliyolowa, na rangi yake ya kijani hurudi, ingawa hula mwanga kwa hatua 1 hadi 2, kwa hiyo tripodi inakuwa ya lazima. Kwa tundu dogo la lenzi la f/11 na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 100, shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, inaweza kubaki wazi kwa sekunde 1 nzima, na upepo kidogo tu unatosha kulitikisa ua. Hapo nasubiri (jambo linalonishinda kuliko yote), au napandisha ISO hadi 800 na muda unashuka hadi 1/8 ya sekunde.

Lenzi hupanguswa kila baada ya dakika chache, maana ukungu hauna adabu.