Kipokezi cha rimoti kina mipaka yake, kiulize chenyewe

Aliyeniambia "weka taimauti elfu kumi, fundi, itakuwa chapuchapu" alinipotezea wikendi nzima, na bado sijamsamehe. Taimauti ni muda wa kimya ambao kipokezi husubiri kabla ya kuamua kwamba rimoti imemaliza kutuma.

Kazi yenyewe ni ya gesti moja hapa Malindi. Wageni wanakwenda pwani wanaacha viyoyozi vinanguruma, tokeni za stima zinayeyuka. Mwenyewe akataka vizimwe vyote kutoka mapokezi. Nikafunga Raspberry Pi, yaani kompyuta ndogo ya bodi moja, na kipokezi cha mwanga wa rimoti cha 38 kHz, kile cha miguu mitatu cha mia mbili na kitu, nikaanza kunasa rimoti.

Za televisheni zilikubali. Kiyoyozi ndicho kilichonitoa jasho: nikikirushia nilichonasa, hata "pii" hakisemi. Mafundi wenzangu kila mmoja na lake: betri zimekwisha, jua linaingilia, kipokezi feki. Rimoti nikaielekeza kwenye kamera ya simu nikabonyeza, taa ikameta zambarau, nzima kabisa. Dirisha nikaliziba kwa leso ya mke wangu. Wapi!

Nilipokaa kuzisoma moja moja namba za ir-ctl, programu ya Linux ya kunasa na kurusha ishara za rimoti, mchezo ukajulikana. Kiyoyozi kile hutuma ujumbe kwa vipande viwili, katikati kimya cha milisekunde kama 30. Kipokezi kilichowekewa maikrosekunde 10,000, yaani milisekunde 10 tu, kinadhani rimoti imeshamaliza kusema. Kinanasa kichwa, kiwiliwili kinapotea.

Nikasema basi nikipe sekunde 2 tuheshimiane. Linux ikanitupia EINVAL, kosa la kusema thamani hiyo haikubaliki. Ndipo nikakiuliza kifaa chenyewe kupitia /dev/lirc0, faili linalokiwakilisha kipokezi ndani ya Linux, kwa ioctl mbili, yaani maombi ya programu kwa draiva ya kifaa: LIRC_GET_MIN_TIMEOUT na LIRC_GET_MAX_TIMEOUT. Jibu, kwa maikrosekunde: 1 na 1,250,000. Kumbe mwisho wake ni sekunde moja na robo! Kama huna hamu ya kuandika programu kwa lugha ya C, `ir-ctl -f` itakuonyesha mipaka hiyohiyo. Ukijibiwa kosa la ENOTTY usikivunje kifaa, ni draiva yake tu hairuhusu kubadilisha.

Nikarudisha 125,000, ile iliyokuwemo kabla ya mshauri wangu kutia mkono, nikanasa upya, nikarusha. Pii! Chumba cha kwanza kikazima, wapishi wakapiga makofi.

Vyumba vya nyuma nimeweka vipokezi vya USB, na mipaka yao si hiyo, kwa hiyo programu yangu inauliza kila inapowaka, haikariri namba. Sasa mama mwenye gesti anataka na televisheni zizimwe saa sita usiku. Hiyo tutaongea bei.