Kamba ya sentimita 23

Hii ilikua 2018, nafundisha jiografia kidato cha tatu kwenye sekondari moja hapa Tanga mjini, na nilikua nimeamua lazima watoto wajue kutengeneza infografiki, yani ile picha moja ambayo mtu akiitazama anapata namba na habari yake kwa pamoja. Wanafunzi wetu grafu wanachora vizuri tu, rula imenyooka, skeli imeandikwa, ila ukiwauliza haya sasa hii grafu inasema nini wanakusomea namba zilezile walizochora. Hilo lilikua linaniuma sana.

Wiki ya kwanza niliwaonyesha mchoro wa Florence Nightingale wa 1858, ule wa duara wenye vipande kama maua, ambao aliutumia kuwaonyesha wakubwa wa Uingereza kwamba kwenye vita ya Crimea maradhi yaliua askari wao wengi kuliko risasi. Wakasikiliza kwa adabu. Swali hata moja hakuna. Nikaona Crimea ni mbali, nikawaambia kipindi kijacho tunafanya mkonge.

Hapo darasa likaamka, mana Tanga hii nani hana mtu wake aliyepitia kwenye mkonge? Kabla ya ule ugonjwa, huku kwetu ukisema fulani yuko korona watu wanaelewa yuko kwenye mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Nikaandika namba ubaoni: 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Mwaka 1964 nchi ilizalisha kama tani 230,000 za katani, yani zile nyuzi za mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kama tani 20,000. Kila kundi manila moja, Jumamosi tunabandika ukutani na wazazi wanakuja.

Kundi moja walichora mafurushi mawili ya katani, la 1964 limejaa manila nzima, la pili kama njiti ya kiberiti. Kwa macho inavutia kweli. Tukakaa na hiyo picha karibu kipindi kizima, mana waliongeza urefu mara 11 na nusu alafu upana nao mara 11 na nusu, kwa hiyo jicho linaona tofauti ya mara 130 na zaidi wakati namba zinasema 11 na nusu. Kijana mmoja akabisha, mwalimu si ndio inapendeza? Nikamwambia inapendeza, lakini mtu akitoka hapa ataenda kusema uongo na wewe ndio umempa. Walichora upya, walinuna lakini walichora.

Alafu kulikua na binti mmoja mkimya, anatokea upande wa Pongwe. Juu ya manila yao alichora vyumba 1,000 vidogovidogo, 62 akavipaka kijani, vingine vyote akaviacha vitupu. Chini akagundisha kamba ya katani yenyewe, sentimita moja ni tani elfu kumi, kwa hiyo kamba ya kwanza sentimita 23, ya pili sentimita mbili. Nilisimama pale muda mrefu. Nikampa 19 kwa 20.

Jumamosi akaja na babu yake, mzee aliyekata mkonge mashamba ya Muheza miaka mingi. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye manila ya mjukuu wake. Akapitisha kidole kwenye ile kamba ndefu, akashuka kwenye fupi, akarudi juu tena.

"Mwalimu wangu, hii yaonyesha kama ilikatika siku moja. Haikukatika hii. Ililika."

Akaanza kueleza walivyokua wanapunguzwa, mwaka huu kumi, mwaka ule ishirini, nyumba za kambini zikabaki wazi moja moja. Mimi sababu nilikua nimezisema kwa mdomo darasani, nyuzi za plastiki kuingia sokoni, bei kuanguka, mashamba mengi kutaifishwa 1967, lakini kwenye mchoro hapo katikati palikua peupe kabisa, miaka thelathini na kitu ya maisha ya watu hakuna kitu, na mimi mwalimu nilipaona na nikapagawia maksi.

Binti hakununa. Akamuuliza tu, "Babu, wewe uliondoka mwaka gani?" Mzee akamtajia, akauandika kwa penseli pale penye weupe.

Jumatatu asubuhi yuko mlangoni kwa walimu. Nikajua kaja kwa ajili ya ile maksi moja, kumbe anataka namba za katikati, mwaka kwa mwaka. Tulizitafuta wiki mbili. Manila ya pili ilikua na kamba nyingi zinashuka taratibu, na moja kaifunga fundo. Nikamwambia hapo andika maelezo, mtu asiyekujua hataelewa. Akafikiri kidogo, akachukua makapeni akaandika: "Hapa babu alirudi nyumbani."