Gari la umeme halipigi hodi

Mtembea kwa miguu mjini huitazama barabara kwa masikio kabla ya macho. Mngurumo unaotoka nyuma ya kisogo humwambia kama kinachokuja ni lori au pikipiki, kiko karibu au mbali, kinaongeza mwendo au kinapunguza. Ndiyo maana watu hutembea wakizungumza, wakitafuta namba kwenye simu, wakiwa wamemshika mtoto mkono, bila kugeuka kila hatua. Gari la umeme linaondoa taarifa hiyo pale pale inapotegemewa zaidi: uani, kwenye maegesho, kwenye vichochoro vya mtaa, kituoni.

Kwenye barabara kuu mambo ni tofauti. Kuanzia kama kilomita 30 kwa saa, kelele kubwa ya gari dogo hutoka kwenye matairi yanayosuguana na lami, si kwenye injini. Nissan Leaf, ambayo ni ya umeme, ikipita kwa kilomita 60 husikika karibu sawa na gari la petroli. Kwa hiyo anayesema magari ya umeme hayasikiki amesema nusu ya ukweli. Hayasikiki yanapoondoka, yanapokunja kona taratibu, yanapotafuta nafasi ya kuegesha na yanaporudi nyuma.

Takwimu zinaelekeza hapo hapo. Mwaka 2009 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilionyesha kuwa katika miendo hiyo ya polepole gari la haibridi (lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja) lilikuwa na uwezekano kama mara mbili wa kumgonga mtembea kwa miguu kuliko gari la kawaida. Uchambuzi wake wa mwaka 2011, uliotumia data za majimbo 16, ulikuta uwezekano uliozidi kwa asilimia 35 kwa watembea kwa miguu na asilimia 57 kwa waendesha baiskeli. Uingereza nako, ajali za 2013 hadi 2017 zilichambuliwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2024: kwa kila maili milioni 100, magari ya umeme na haibridi yaligonga watembea kwa miguu 5.16, na ya petroli na dizeli 2.40. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi mijini. Tukumbuke kwamba magari hayo yote yalitengenezwa kabla sheria ya kuyalazimisha yatoe sauti haijaanza kufanya kazi Ulaya.

Haibridi inastahili neno lake peke yake, maana ndiyo iliyojaa Nairobi na Dar es Salaam. Toyota Aqua au Prius huondoka kwa umeme ikiwa kimya, kisha injini inawaka ghafla, kisha inazima tena. Sikio hujifunza kwa mazoea, na gari ambalo leo linanguruma getini na kesho linapita hapo hapo kimya halizoeleki.

Sheria iliyojibu tatizo hili inaitwa Kanuni Namba 138 ya Umoja wa Mataifa, iliyopitishwa mwaka 2016. Inataka gari la umeme au haibridi litoe sauti ya bandia kupitia spika tangu linapoondoka hadi kilomita 20 kwa saa, na linaporudi nyuma. Kipimo huchukuliwa mita 2 kutoka mstari wa katikati ya gari, kwenye kimo cha mita 1.2. Kiwango cha chini ni desibeli 50 gari likiwa kwenye kilomita 10, desibeli 56 kwenye kilomita 20, na desibeli 47 likirudi nyuma. Haliruhusiwi kuzidi desibeli 75 likienda mbele. Umoja wa Ulaya ulianza kudai kifaa hiki kwa aina mpya za magari Julai 2019, na kwa magari yote mapya Julai 2021. Marekani ina sheria yake, inayofika mpaka kilomita 30 kwa saa na kudai sauti hata gari likiwa limesimama tayari kuondoka.

Ndani ya kanuni hiyo kuna mambo mawili yaliyofikiriwa vizuri. La kwanza, sauti lazima iwe na nguvu katika angalau mafungu mawili ya masafa, yaani viwango vya uzito au wembamba wa sauti, na moja liwe la hezi 1600 (mitetemo 1600 kwa sekunde) au chini yake, kwa sababu masikio ya wazee hupoteza sauti nyembamba kwanza. Mlio mwembamba peke yake ungewaacha wao, ambao pia ndio wanaochelewa kuruka pembeni. La pili, sauti lazima ipande kwa wembamba kadiri gari linavyoongeza mwendo, angalau asilimia 0.8 kwa kila kilomita moja kwa saa. Kutoka kilomita 5 hadi 20 hiyo inafika asilimia 12, yaani kama kutoka do hadi re kwa anayeimba kwaya. Kwa mpando huo mtu anajua kuwa gari linakuja kwa kasi zaidi, hata kama hajaliona.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Sauti ya spika hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Desibeli 56 za mita 2 zinakuwa 50 kwenye mita 4 na 44 kwenye mita 8. Mtaa wenye shughuli una desibeli 60 hadi 70 za kelele yake wenyewe. Sikio lina uwezo wa kuchomoa sauti iliyozama kwenye kelele kama masafa yake ni tofauti, lakini uwezo huo una mwisho. Gari la kilomita 20 kwa saa humaliza mita 8 kwa sekunde 1.4. Dereva aliye makini huchukua kama sekunde 1.5 kutambua hatari na kukanyaga breki, na katika muda huo ameshasogea mita 8. Ongeza mita 2 na kidogo za breki kwenye lami kavu, na jumla inakaribia mita 11. Kwa hiyo katika mtaa wa kelele, mtu anayelisikia gari likiwa mita 8 nyuma yake, na dereva anayemwona mtu huyo akikatiza kwa ghafla mita 8 mbele, wote wawili wamechelewa. Kwa kilomita 10 kwa saa jumla hiyo inashuka hadi mita 5. Kupunguza mwendo kunampa mtembea kwa miguu nafasi kubwa kuliko spika yoyote.

Mweke mtu huyo hedifoni. Zile za kuingiza sikioni zenye kipande laini cha silikoni kinachoziba tundu hupunguza sauti ya nje kwa kama desibeli 15 hadi 25 hata muziki ukiwa umezimwa. Zenye mfumo wa kufuta kelele huongeza kitu kingine: hufuta vizuri zaidi miungurumo mizito ya mfululizo, ya chini ya hezi 1000 hivi. Sehemu nzito ya sauti ya bandia ya gari, ile iliyowekwa kwa ajili ya wazee, inaweza kuwa imo humo humo. Ukiongeza muziki juu yake, desibeli 44 za gari hazina pa kupita.

Wengi hutoa upande mmoja wakidhani wamebaki na nusu ya usalama. Sivyo. Ubongo hujua sauti inatoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Sauti ya kando hufikia sikio la karibu mapema kwa tofauti isiyozidi milisekunde 0.7 hivi, na hufika ikiwa na nguvu zaidi. Ukiziba sikio moja utasikia kwamba kuna kitu, lakini utageuka upande usio wenyewe. Kama hedifoni yako ina hali ya kupitisha sauti za nje, iwashe kabla hujatoka getini, masikio yote mawili, na muziki uwe chini kiasi kwamba unasikia nyayo zako. Usiposikia nyayo zako, hutalisikia gari.

Simu mkononi ni shauri jingine. Mji wa Honolulu, Marekani, tangu Oktoba 2017 unamtoza faini anayevuka barabara akitazama kioo cha simu. Augsburg, Ujerumani, mwaka 2016 waliweka taa ardhini kwenye vivuko vya tramu kwa ajili ya walioinamisha vichwa. Huku kwetu njia nyingi hazina hata sehemu ya waenda kwa miguu, kwa hiyo kinga yenye maana ni ile ya zamani: tembea upande wa kulia wa barabara ukiyakabili magari. Kwa kuwa Kenya na Tanzania tunaendesha kushoto, yatakayopita karibu nawe yatakuja mbele ya macho yako. Ujumbe uusome ukiwa umesimama, mgongo ukutani. Katika maegesho usipite nyuma ya gari lililo na mtu kwenye usukani au lenye taa za nyuma zinazowaka, hata kama ni kimya kabisa. Kwa gari la petroli, kimya kilimaanisha limezimwa. Kwa la umeme hakimaanishi chochote, na mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha magurudumu tangu mzunguko wa kwanza.

Kwa anayenunua gari la mtumba kutoka Japani, kifaa cha sauti ni cha kukaguliwa kama breki. Toyota na Nissan zilianza kukiweka mwaka 2010, Japani ilipotoa mwongozo wake, na sharti la lazima kwa aina mpya likaja 2018. Magari ya katikati ya miaka hiyo yanaweza kuwa na kitufe cha kuzima sauti. Kitufe hicho kilikuwa kosa tangu mwanzo, na marekebisho ya Kanuni 138 yalikiondoa. Kikague kwanza, kwa sababu mara nyingine "ubovu" ni kitufe tu kilichoachwa kimezimwa na mwenye gari wa awali.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Tafuta uwanja mtulivu asubuhi na mapema. Msaidizi asimame mita 2 pembeni mwa mstari utakaopitwa na katikati ya gari, simu yenye programu ya kupima desibeli ikiwa kwenye kimo cha kifua. Asome kwanza kelele ya mahali, kisha upite kwa kilomita 10, kisha 20, kisha urudi nyuma. Usiiamini sana namba ya simu; amini tofauti. Kama mahali ni desibeli 40, gari likipita kwa kilomita 10 namba ipande hadi karibu 50. Isipopanda, au msaidizi akisikia changarawe tu chini ya matairi, kuna kasoro. Ukimya gari likiwa limesimama si kasoro, maana Kanuni 138 haidai sauti hapo.

Spika hukaa chini, mara nyingi nyuma ya bampa la mbele, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Maji ya barabara zilizofurika huingia kwenye plagi na pini zinaota kutu ya kijani. Matope hukauka juu ya spika na kuikaba sauti. Lakini sababu ya kukagua kwa makini zaidi ni bampa lililobadilishwa baada ya kugongwa, spika ikaachwa inaning'inia au haikurudishwa kabisa. Anza na fyuzi, kisha plagi, kisha pima kama volti 12 zinafika. Kupima omu za spika (ukinzani wake wa umeme) husaidia pale tu ambapo spika imetengana na kompyuta yake. Zilizounganishwa pamoja hazitakuambia kitu kwa njia hiyo. Kifaa hiki hutumia umeme mdogo wa volti 12, kwa hiyo fundi hana sababu yoyote ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkubwa wa betri kuu.

Pengo kubwa liko kwenye pikipiki. Kanuni 138 inahusu magari ya abiria na ya mizigo, mabasi yakiwemo. Haigusi magurudumu mawili wala bajaji. Wakati huohuo Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kwa biashara ya abiria ni za umeme tu, na Nairobi zinaongezeka. Pikipiki hupita mahali ambapo gari halipiti: kati ya daladala na ukingo wa barabara, pale pale abiria anaposhuka akiwa ameshika simu. Anayeendesha ya umeme asipite upande huo basi likiwa limesimama. Taa ya mbele iwake mchana kutwa, na honi iguswe kidogo ukiwa mita 15 au 20 kutoka kwa mtu, kwa sababu honi ndefu ukiwa mita 3 tu humfanya aruke bila kujua aruke wapi. Anayetaka kufunga spika ya sauti achague isiyoingia maji, ya wati 10 hivi, aichukulie umeme kwenye kigeuzi cha volti 12 kinacholisha taa, baada ya swichi ya ufunguo, akiweka fyuzi ya ampea 2. Asiunganishe moja kwa moja kwenye betri kuu. Na aepuke vile vinavyotoa mlio mmoja usiobadilika na mwendo, kwa sababu havimwambii mtu kama pikipiki inakuja au imesimama.

Asiyeona ndiye anayepoteza zaidi, na chama cha wasioona cha Marekani, National Federation of the Blind, kilikuwa mstari wa mbele kudai sheria ya nchini kwao. Mwenye fimbo nyeupe akifika kivukoni, gari la umeme lililosimama ni kama halipo. Ukiwa dereva, simama kabisa kabla ya mistari, usitambae. Usipige honi, maana kwake honi ni amri ya kurudi nyuma. Teremsha kioo useme kwa sauti ya kawaida, "Nimesimama upande huu, mzee." Usimwambie "pita", kwa sababu magari ya upande wa pili wa barabara wewe huyajui, na yeye atataka kuyasikiliza mwenyewe.