Nilivyompeleka baba Thorpe Abbotts bila gari

Kama una mzee amekuja kukutembelea Uingereza na hapendi kutembezwa madukani, soma hii. Baba yangu ni fundi ndege mstaafu wa jeshi, Buckingham Palace aliiangalia pale getini akasema "haya, nimeona" akaanza kuulizia treni ya kurudi. Nikaona bora nimtafutie kitu cha fani yake, afu mashariki ya England, huko Norfolk na Suffolk, kumejaa viwanja vya zamani vya ndege za vita kwa sababu ardhi ni tambarare na Ujerumani haiko mbali, Wamarekani walivitumia kurushia ndege za mabomu Vita vya Pili. Nikachagua Thorpe Abbotts, kimojawapo cha viwanja hivyo, siku hizi ni makumbusho.

Usafiri ndo ulinisumbua kichwa. Treni rahisi, unapandia stesheni ya Liverpool Street pale London unashuka Diss, saa moja na nusu hivi, ila kutoka Diss mpaka pale ni kama kilomita 8 za vijia vya mashambani na baba magoti yanamsumbua kwahiyo habari ya kutembea tuliifuta mapema. Nilipanga teksi kabla hatujatoka nyumbani, ya kwenda NA ya kurudi. Hiyo ya kurudi usiiache, Diss mji mdogo bhana sio sehemu ya kusimama barabarani ukapunga mkono.

Kiwanja chenyewe usitegemee kukikuta kama kiwanja, yamebaki mashamba tu na vipande vya zege hapa na pale. Kilichosalia ni mnara wa kuongozea ndege na vibanda kadhaa vya mabati. Mnara wenyewe uliachwa miaka na miaka ukawa gofu, 1977 watu wa maeneo yale wakaanza kuukarabati kwa kujitolea, makumbusho yakafunguliwa 1981, na mpaka leo wanaoendesha ni watu wa kujitolea. Hakuna kiingilio, kuna boksi la mchango. Baba hilo hakulielewa kabisa, "hawa wanalipwa na nani?" nikamwambia hawalipwi baba, akatikisa kichwa.

Waliokuwa pale wakati wa vita ni kundi la 100 la ndege za mabomu la jeshi la Marekani, walifika Juni 1943 na B-17, ndege ya injini nne na watu 10 ndani. Walipigwa vibaya mpaka wakaitwa Bloody Hundredth, yaani kundi la 100 la damu. Tarehe 10 Oktoba 1943 walienda kupiga mabomu Münster, mji wa Ujerumani, na katika ndege 13 za kundi lao ikarudi moja tu, ya rubani Robert Rosenthal, nayo injini mbili zimekufa. Mimi hiyo habari ndo ilinishika, nikapanda ngazi mpaka kwenye kibaraza cha mnara ambapo walikuwa wanasimama wakihesabu ndege zinazorudi, na ndege yenye majeruhi ilikuwa inafyatua fataki nyekundu ili ipishwe itue kwanza. Upepo wa pale juu usiuchukulie poa, vaa koti.

Baba hakupanda. Nilimwacha chini kwenye mabaki ya injini na picha za mafundi, nikarudi nimemkuta na mzee mmoja wa pale anayejitolea, kiingereza cha baba cha kuungaunga lakini walikuwa wanaelewana vizuri tu, baba anaonyesha kwa mkono jinsi ya kuzungusha pangaboi taratibu kabla ya kuwasha na yule mzee anaitikia yes yes. Nikaitwa nitafsiri. B-17 ilikuwa inatumia injini za Wright Cyclone, silinda 9 zimepangwa duara, na injini za mtindo ule zikilala oili inajikusanya kwenye silinda za chini, ukiwasha bila kuizungusha kwanza unaweza kupinda chuma ndani. Baba akasema, "mwambie huyu, rubani anakuja asubuhi amekunywa chai, fundi hajalala." Yule mzee akacheka akatupeleka kwenye picha nyingine ambazo mimi nilikuwa nimezipita, mafundi wako juu ya ngazi nje kabisa kwenye baridi, maana ndege nyingi zilitengenezwa palepale zilipoegeshwa, sio ndani ya hanga.

Kiukweli hapo ndo nikaanza kuiangalia sehemu ile vingine. Kambi kama ile ilikuwa na watu kama 3,000, wengi hawakuruka hata siku moja, mafundi, wapishi, madereva, wapakia mabomu, na wote hao ilibidi wafanye kazi usiku ili ndege ziondoke alfajiri. Walifanya hivyo kwa misheni 306, na vita ilipokaribia kuisha hizohizo ndege zikapeleka chakula kwa Waholanzi waliokuwa wanakufa njaa. Makumbusho makubwa mara nyingi yanakuwekea ndege nzima inang'aa, hapa vitu ni vidogovidogo, sare, barua, vyuma vilivyopinda, na bora hivyo maana mtu anasimama anasoma.

Kuna kafe ndogo, chai na keki, ila kama mzee wako ni wa ugali usimtegemeze keki, beba chakula chako. Nenda wikiendi, na ratiba icheki kabla maana miezi ya baridi wanafunga. Na muda panga mrefu kuliko unavyodhani, sisi teksi ilikuja ikasubiri, dereva anaangalia saa, baba bado anauliza habari za oili.